Barua za Mwenzi Aliye Safarini

Mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi mbele ya wakazi wa Nakivale, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



  Ndugu wa kamati walipotuita walituambia: "Mwalimu, mwaka huu tunataka neno juu ya familia. Lakini usituletee hotuba ya vitabuni, tuletee jambo linalotusumbua nyumbani." Tulikwenda, tukafikiri, tukaona tuseme juu ya barua. Hasa barua zinazomfikia mtu aliye safarini kwa biashara, na sisi tunaobaki nyumbani ndio tunaozipokea.

Pengine wengine mtacheka kimoyomoyo. Barua! Siku hizi kila mtu ana simu. Ni kweli. Lakini hebu kila mmoja wetu akumbuke kilichomo katika mfuko wa plastiki unaoning'inia ukutani nyumbani kwake, au katika sanduku chini ya kitanda. Humo mna hati ya familia, kadi ya kliniki, ripoti ya shule ya watoto, karatasi ya kiwanja, daftari la chama cha kuweka na kukopa, barua ya wito kutoka ofisini, na barua ya mkono iliyoletwa na msafiri kutoka Fizi, Masisi, Ruyigi au Mogadishu. Na simu yenyewe ni barua pia. Ujumbe unaoingia katika laini ya mke wako ukaukuta wewe nyumbani ni barua yake, hata kama hauna bahasha.

Ndugu zangu, makazi haya ya Nakivale yalianza mwaka 1958, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo ya zamani kuliko yote katika Afrika. Tangu wakati huo watu wamekuja na watu wameondoka: Wanyarwanda, Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Hakuna hata mmoja aliyekuja hapa bila kuacha mtu nyuma. Kwa hiyo hakuna nyumba isiyongoja habari. Hata tarehe hii tunayoiadhimisha ina historia yake. Zamani 20 Juni ilikuwa Siku ya Wakimbizi Afrika, tarehe ambayo mwaka 1974 ulianza kutumika Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa sahihi mwaka 1969. Mwezi Desemba mwaka 2000 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliifanya kuwa siku ya dunia nzima, nayo ikaadhimishwa hivyo kwa mara ya kwanza mwaka 2001.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe.

Hapa Uganda Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini na kujitafutia riziki, ili mradi afuate taratibu zilizowekwa. Ndiyo maana wengi wetu tunasafiri. Alfajiri ukisimama pale Base Camp utaona taksi zinavyojaa kwenda Mbarara: huyu na gunia la maharage, yule na samaki wa ziwa letu, mwingine mikono mitupu lakini na orodha ya vitu vya duka kiunoni. Wapo wanaorudi jioni. Wapo wanaolala Mbarara siku mbili tatu. Wapo wanaopita wakaenda Kampala, Arua, hata kuvuka mpaka. Mume huondoka mke akabaki. Siku hizi pia mke huondoka mume akabaki, na sisi tuko katika kundi hilo la pili.

Nyumbani kwetu mama watoto ndiye mfanyabiashara. Anauza vitenge. Tulifika hapa mwaka 2012, na kufikia mwaka 2014 alikuwa ameanza na vitenge vitatu vya mkopo. Sisi tunafundisha darasani. Yeye ananunua Kampala, anauza Mbarara, anauza hapa kwetu, na mara nyingine anakaa njiani wiki mbili au tatu. Wakati huo sisi tunapika, tunaogesha watoto, tunasahihisha madaftari, na tunapokea barua zake. Hatuoni haya kusema hivyo mbele za watu. Riziki haiulizi nani amevaa suruali.

Barua zake ni nyingi kuliko zetu. Mdeni anaandika kwamba atalipa mwezi ujao. Mwenye duka anakumbusha deni. Chama chao kinaita mkutano. Shule inaomba mzazi afike. Ndugu zake wanatuma habari. Kwa miaka miwili tulizifungua zote na kuzijibu zote, tukijisifu moyoni kwamba mwanamke huyu amebahatika kuolewa na mtu aliyesoma chuo cha ualimu, mwenye mwandiko mzuri. Hatukujua kwamba mwandiko mzuri unaweza kumdhulumu mtu.

Ilikuwa mwaka 2016. Mama watoto alikuwa Kampala. Jumanne jioni akaja mtu wa kwao, aliyekuja Nakivale kwa ajili ya msiba wa ndugu yake. Alikuwa na barua ya mkono kutoka kwa mama mkwe wetu, ambaye yuko katika kijiji kimoja cha Fizi, si mbali na Baraka, mahali ambapo wakati huo mtandao wa simu ulikuwa wa kubahatisha. Mama mkwe hajui kuandika. Aliyeandika ni mjukuu wake. Yule mgeni akatuambia: "Mimi naondoka Alhamisi alfajiri. Mama amesema nisirudi bila jibu."

Tukaifungua. Ilijaa salamu za kila mtu, na chini kabisa kulikuwa na jambo moja. Baba mdogo wa mke wetu alitaka kuuza shamba la michikichi la marehemu baba mkwe. Mnunuzi alikwisha patikana. Mama aliandika: "Wewe ndiye mtoto wake mkubwa. Sema neno lako."

Ndugu zangu, tulikuwa na simu mfukoni na salio lilikuwemo. Tungeweza kumpigia. Hatukumpigia. Tulijiambia kwamba yuko katikati ya biashara, tusimsumbue, na kwamba barua yenyewe ni ya salamu tu. Jumatano usiku, watoto walipolala, tukawasha taa ya sola, tukaandika kurasa mbili. Tuliandika kama yeye ndiye anayeandika: "Mama yangu mpenzi, mimi mwanao ni mzima." Tukamsalimu kila mtu kwa jina. Tulipofika kwenye jambo la shamba, tukaona si adabu mtoto kubishana na wakubwa kwa barua. Tukaweka maneno ya heshima, kama tulivyolelewa: "Kuhusu shamba, ninyi ndio wazazi wetu, fanyeni mtakavyoona inafaa." Chini tukaandika jina lake. Alhamisi alfajiri mgeni akaondoka nayo.

Siku kumi na mbili baadaye mama watoto akarudi, na mizigo yake na zawadi za watoto. Baada ya kula tukamsimulia habari za barua, tukiwa na furaha kwamba kazi tumeimaliza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Juu ya shamba ulisema nini?" Tukamwambia. Akaweka kikombe chini. Hakupiga kelele. Usiku uleule akampigia mtu anayemfahamu pale Baraka, ampelekee mama yake neno kwa mguu. Mtu yule alikwenda kesho yake, akakuta karatasi imekwisha andikwa na mashahidi wametia vidole. Barua yetu ilikuwa imesomwa mbele ya wazee wa ukoo. Yale maneno yetu ya heshima yalipofika kule yaligeuka kuwa ruhusa. Mama mkwe alikuwa amekataa mpaka hapo. Aliposikia binti yake amekubali, akanyamaza. Na katika shamba lile ndimo lilimo kaburi la baba mkwe.

Mama watoto alituambia maneno ambayo hatutayasahau. Alisema: "Baba watoto, kalamu ni yako, lakini jina ni langu. Ungeandika jina lako, baba mdogo angeningoja. Umeandika langu, sasa hata nikikataa, nani ataniamini? Nimekataa kwa mdomo gani, wakati mdomo wangu umekwisha kubali?"

Shamba halikurudi. Fungu lake la fedha lilimfikia mwaka uliofuata. Hakununua nalo kitenge hata kimoja, alilipa karo ya watoto wa dada yake. Sisi alitusamehe, na leo ametupa ruhusa ya kuyasema haya. Tena yeye ndiye aliyesema tuyaseme, kwa sababu anajua nyumba nyingi hapa zenye ugonjwa huu.

Lakini tusije tukatoka hapa tukisema: basi, dawa ni kutofungua barua kabisa. Hapana. Jirani yetu mmoja, mama mwenye heshima zake, mumewe alikuwa safarini, ikaletwa bahasha yenye jina la mume. Yeye akaiweka vizuri chini ya godoro, akisema barua ya mwanamume haifunguliwi na mke. Ndani yake mlikuwa na tarehe ya mtoto wao kupelekwa kwa daktari wa upasuaji. Mume aliporudi, tarehe ilikuwa imepita wiki moja, na mtoto akarudishwa mwisho wa orodha. Yule mama alikosa kwa adabu kama sisi tulivyokosa kwa adabu. Sisi tulifungua mdomo usio wetu. Yeye alifunga jicho lililotakiwa kuona.

Kwa hiyo si swali la kufungua au kutofungua. Swali ni hili: je, kabla ya mwenzako kuondoka mlipatana nini? Kwetu tangu mwaka ule tumejiwekea taratibu, nasi tungependa kuwagawia. Si sheria, ni uzoefu.

La kwanza, mapatano kabla ya safari. Usiku kabla hajapanda taksi tunakaa kitako. Anatuambia: barua za aina hii fungua, za aina hii acha. Kwetu barua za shule, za kliniki, za chama na za ofisi zinafunguliwa. Barua za mama yake na dada zake zinangoja, isipokuwa mletaji akisema ni ugonjwa au msiba. Nyumba nyingine itapatana vingine, na ni sawa. Ubaya ni kukisia.

La pili, daftari. Tulinunua daftari moja la kurasa 48. Tumelipiga mistari mitano: tarehe, imetoka kwa nani, imeletwa na nani, inahusu nini, tumefanya nini. Kila kinachoingia kinaandikwa, hata karatasi ya mdeni, hata ujumbe wa simu. Akirudi halazimiki kutuuliza, wala sisi hatulazimiki kukumbuka. Anakaa na chai yake, anasoma. Tumeona kwamba daftari hili limeondoa ugomvi mwingi, maana mtu aliyetoka safarini amechoka, na anayetoa habari naye amechoka.

La tatu, tarehe haingoji. Barua yoyote yenye tarehe ya kufika mahali, iwe mahojiano, uhakiki, hospitali, mahakama au shule, tunampigia siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Wengi mnakumbuka uhakiki wa mwaka 2018, uliofanywa na Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR katika makazi yote ya nchi hii, ambapo ilibidi kila mtu afike mwenyewe, macho na vidole vichukuliwe. Jambo kama hilo huwezi kumfanyia mwenzako. Kazi yako ni moja tu: habari imfikie mapema, apate nauli na apate njia.

La nne, na hili ndilo lililotugharimu: ukijibu, jibu kwa jina lako. Ofisini wanaandika k.n.y., yaani kwa niaba ya. Herufi tatu hizi ni ndogo, lakini zingetuokolea shamba. Maana yake msomaji anajua kwamba aliyeshika kalamu siye mwenye neno. Na kama huna ruhusa ya kulijibu jambo, sema huna. Tutawasomea mfano, ili anayetaka auandike kwake:

"Mama yetu mpendwa, salamu nyingi. Barua yako ya tarehe 3 tumeipokea leo tarehe 17, nayo tumeisoma. Mwanao yuko safarini kwa biashara, tunamtazamia mwisho wa mwezi. Jambo uliloliuliza ni lake, nasi hatuna neno la kusema ndani yake. Tunamjulisha leo kwa simu. Tafadhali msifanye lolote kabla hamjapata jibu lake mwenyewe. Watoto ni wazima. Ni mimi mkweo, k.n.y. mwanao."

Basi. Mistari michache tu. Haina uzuri wa mwandiko, lakini haimwibii mtu neno lake.

La tano, sahihi na kidole. Kuweka sahihi ya mwenzako, au kumwekea kidole, hata kwa nia njema, ni kughushi, na kunaweza kuwaharibia wote wawili. Kama ofisi au chama kinakubali mtu kuwakilishwa, mwenye jambo aandike barua fupi ya ruhusa kwa mkono wake, aambatanishe nakala ya kitambulisho chake, aseme ruhusa ni ya jambo gani na inaisha lini. Kwa jambo zito, kama mali au kesi, Mbarara wako mawakili na makamishna wa viapo. Hati ya uwakilishi itengenezwe mbele yao kabla ya safari, si baada ya matatizo. Na mengine hayana uwakilishi kabisa. Mambo ya faili lako la ukimbizi utayasema mwenyewe.

La sita, simu iliyoachwa nyumbani. Wengi tunaacha laini moja nyumbani kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa ofisini. Ni vizuri. Lakini tangu huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipoanza hapa Uganda mwaka 2009, laini ni sanduku la barua na ni sanduku la fedha pia. Mwenzako akikupa namba ya siri, amekupa ufunguo wa biashara yake. Usiitaje mbele ya watoto, usimpe wakala akubonyezee. Na ukipata ujumbe wa mtu usiyemjua kwamba ametuma pesa kwa makosa umrudishie, usirudishe chochote. Kwanza tazama salio lenyewe, kisha mwulize mwenye laini. Matapeli wanapenda sana kumkuta aliyebaki nyumbani, kwa sababu wanajua hajui hesabu za mwenzake.

La saba ni kwa ninyi wasafiri. Msidhani mazungumzo haya ni ya waliobaki tu. Ukiondoka, acha neno: unalala kwa nani Mbarara, unafuata nani Kampala, namba ya pili ya kukupata ni ipi. Ukisema utarudi Jumamosi na biashara ikakushika, tuma ujumbe mmoja. Tunawafahamu watu hapa waliosafiri wiki mbili zikawa miezi minane, bila neno. Anayebaki anaulizwa na watoto, anaulizwa na majirani, na hana cha kujibu. Kuna wanaonyamaza kwa aibu kwa sababu mtaji umekufa. Ndugu, mtaji ukifa, andika kwamba umekufa. Habari mbaya ina mwisho wake, kimya hakina.

Ndugu zangu, tuseme kidogo pia juu ya haki. Tangazo la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948, katika kifungu cha 12, linasema mtu asiingiliwe ovyo katika mambo yake ya faragha, jamaa zake, nyumba yake wala barua zake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 27, nayo inalinda faragha ya nyumba na mawasiliano ya mtu. Waliotunga maneno hayo walifikiria zaidi serikali na polisi. Lakini sisi tunaona yanaanzia mezani nyumbani. Mtu aliyepoteza nchi, nyumba na shamba, akabakiwa na jina lake tu, jina hilo tusilichukue hata kwa mapenzi.

Tena barua zetu zina heshima ya zamani. Kiswahili hiki tunachozungumza ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kilifikishwa kwetu hasa na misafara ya biashara ya karne ya 19, iliyotoka pwani ikapitia Ujiji. Wafanyabiashara wale waliandikiana kwa herufi za Kiarabu, na barua zilisafiri pamoja na bidhaa. Biashara na barua ni ndugu wa siku nyingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Msalaba Mwekundu ulipeleka ujumbe wa raia waliotenganishwa na vita, na kila ujumbe ulikuwa na maneno yasiyozidi 25, ya habari za familia tu. Hebu fikirini: maneno 25 kwa mama ambaye hujamwona miaka mitatu! Hakuna aliyekuwa na neno la kupoteza. Hadi leo Msalaba Mwekundu unapokea na kupeleka ujumbe wa familia zilizotenganishwa, na wapo kati yetu hapa waliopata ndugu kwa njia hiyo.

Sasa tuna neno kwa wenzetu walimu, na kwa wanafunzi wa madarasa ya juu. Sisi ndio tunaosomea watu barua. Mama anakuja mlangoni jioni na karatasi imekunjwa mara nne, anasema: "Mwanangu, nisomee." Tukisoma tunajua deni lake, ugonjwa wake, aibu ya mtoto wake. Tuyaache yaleyale ndani ya karatasi. Tusisome kwa sauti mbele za watu. Tusirukie maneno machungu kwa kumhurumia, wala tusiongeze matamu. Na tukimwandikia jibu, tumsomee lote kabla ya kufunga bahasha, tumwulize: "Je, ndivyo ulivyosema?" Laiti sisi tungemwuliza mama watoto swali hilo moja, tusingekuwa tumesimama hapa leo kusimulia.

Kwa ndugu zetu watumishi wa mashirika, tuna ombi la heshima. Tunajua kazi ni nyingi na watu ni wengi. Lakini inapowezekana, barua ya wito iandikwe katika lugha anayoisoma mwenyewe, ionyeshe wazi kama ni lazima mhusika afike mwenyewe au mwenzake anaweza kufika, na itaje afanye nini aliye safarini. Mistari miwili ya namna hiyo itaokoa safari nyingi za bure na machozi mengi.

Kwa kamati yetu tuna pendekezo. Sisi walimu wachache tuko tayari kukaa kila Jumamosi asubuhi katika darasa moja, tuwasomee na kuwaandikia wasiojua kusoma, bila malipo, kwa siri, mtu mmoja mmoja. Tunaomba kamati itupatie meza, viti viwili na pazia la mlango. Madaftari tutachanga wenyewe. Wakati huohuo mtu atafundishwa kupanga daftari lake la barua. Na anayetaka kujifunza kuandika jina lake ili asitie kidole tena, tutaanza naye palepale.

Tunamaliza. Jana jioni mama watoto alikuwa anafunga mizigo ya Mbarara, maana hata leo hayuko hapa. Biashara haina sikukuu. Kabla ya kulala tulikaa, akatazama daftari, akatuambia zipi za kufungua na zipi za kuacha. Mwisho akasema: "Na hotuba yako kesho, nisomee kwanza." Tukamsomea kuanzia salamu hadi hapa. Aliturekebisha mahali pawili, na pamoja alituambia tupafute. Tumepafuta. Yaliyobaki ndiyo mliyoyasikia, nayo yana ruhusa yake.

Mungu awalinde walio safarini, na sisi tuliobaki atupe uaminifu.